Kusikiliza Mtandaoni Si Kuilipa Bendi

Nashika hesabu za bendi za dansi na vikundi vya taarabu hapa Dar es Salaam, na kazi hiyo hunikalisha kwenye meza ya mauzo, karibu na mlango, tangu vyombo vinapofungwa hadi vinapopakiwa tena kwenye gari. Mpenzi wa muziki amecheza usiku kucha na ameitikia kila rapu. Anafika mezani, anaishika CD, anaigeuzageuza, kisha anairudisha. "Nitawasikiliza YouTube, dada. Si mnalipwa huko?"

Nimeisikia kauli hiyo kupita kiasi. Jibu ni hapana, na sababu zake nazitaja moja moja ili tusirudi tena kwenye ubishi huu.

Chaneli ya YouTube haianzi kupata mgawo wa fedha za matangazo mpaka ifikishe wafuatiliaji 1,000, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zitazamwe mara mamilioni. Bendi nyingi zinazopiga baa kila wikiendi hazijafika huko. Isitoshe, video unayoisifia mara nyingi si ya bendi. Ilirekodiwa na shabiki kwa simu, ikapandishwa kwenye chaneli yake, na mpiga solo unayemwona mle hana habari nayo.

Spotify, programu ya kusikilizia muziki mtandaoni, nayo ilifungua milango yake kwetu Februari 2021. Tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12 hauingizi malipo ya rekodi hata senti. Ukivuka hapo, hakuna bei maalumu kwa kila usikilizaji: fedha hukusanywa kwenye fungu moja, kisha hugawanywa kulingana na nani kasikilizwa zaidi. Makadirio yanayotajwa sana ni kati ya dola 0.003 na 0.005 kwa kila mara. Tuchukue 0.004, na dola tuihesabu kwa shilingi 2,500. Hiyo ni shilingi 10. Flashi yenye albamu, inayouzwa mezani kwa shilingi 10,000, ni sawa na kuwasikiliza mara 1,000. Kama albamu ina nyimbo 8, itabidi uirudie yote mara 125. Hata ukiondoa gharama ya flashi yenyewe, ni nani anayerudia albamu kiasi hicho? Tena hapo msambazaji wa mtandaoni hajakata chake, na nimekupigia hesabu kwa ukarimu, maana kwetu wengi wanasikiliza bure, pamoja na matangazo.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalifikirii kabisa. Msanii wa Bongo Fleva anaweza kuzunguka na biti yake na mtu mmoja wa mitambo. Bendi ya dansi ina waimbaji, magitaa ya solo, rithimu na besi, kinanda, drams, tumba, tarumbeta, wanenguaji na fundi mitambo. Shilingi zile 10 zigawe kwa watu 15. Na hata hicho kidogo hakiji leo, huchukua miezi, na mara nyingi hakitolewi mpaka kifikie kiwango cha chini kilichowekwa. Flashi 20 zikiuzwa usiku huu, gari la vyombo linalipwa usiku huu.

Umaarufu na malipo vilikuwa vitu viwili hata kabla ya intaneti. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa. Nyimbo walizorekodi Radio Tanzania Dar es Salaam zilisikika kila mkoa, lakini kilicholisha familia zao kilikuwa mshahara na madansi. Bendi hiyo leo ni Msondo Ngoma, na chama cha kuilipa mishahara hakipo. Bendi nyingi za leo zimeanza bila mwajiri wa aina hiyo. Anayeweza kuziba pengo hilo ni wewe uliye ukumbini.

"Lakini nimelipa kiingilio." Umelipa, na asante. Kiingilio kina wenyewe wengi: mwenye ukumbi kwa jinsi walivyokubaliana, mlinzi, usafiri, mafuta ya jenereta umeme ukikatika. Kuna kumbi ambazo bendi inalipwa kiasi kilekile mjae msijae.

"Nimemtunza mwimbaji." Kutunza ni desturi yetu na siipingi, hasa kwenye taarabu, ambako mtu huenda mbele kwa madaha na noti yake. Lakini uliza hiyo noti inaishia wapi. Kuna vikundi vyenye utaratibu wa kuiweka kwenye fungu la pamoja, na kuna vingine ambavyo aliyetunzwa ndiye anayeondoka nayo. Mpiga tumba aliyekaa nyuma huenda asiione kamwe. Mauzo ya mezani huandikwa kwenye daftari, na kila mwanachama ana haki ya kuliona.

"Sina pa kupigia CD." Ndiyo maana flashi na memori kadi zipo mezani. Chukua.

Na wenye baa, msinije na ile ya "nimenunua, basi ni yangu." Umenunua nakala ya kusikiliza nyumbani. Kuipiga mbele ya wateja kunahitaji leseni ya hakimiliki, Bara na Zanzibar. Kuingizia watu nyimbo hizo kwenye simu kibandani kwa mia tano ni kosa, kwa Bara chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999.

Basi nunueni wakati wa mapumziko, msingoje mwisho, kwa sababu saa nane usiku kila mtu anatafuta bodaboda na mimi naishiwa chenji. Wanaokwenda tamasha la muziki la Sauti za Busara, Zanzibar, Februari, watenge fedha ya albamu kabla ya kununua kanga na vikoi. Ukilipa kwa simu, kabla ya kuweka namba ya siri soma jina linalotokea kwenye lipa namba. Likiwa si la bendi wala la mtu unayemjua, muulize aliyekaa mezani ni la nani, na akuonyeshe anapoyaandika mauzo yako.