Likelemba yenye msawazo kamili, na bado imepasuka

Chukua likelemba, yaani kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, ya akina mama wanne wauzaji wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi: wa makala, wa unga, wa makayabu (samaki wa chumvi) na wa sombe (majani ya mihogo). Ni mfano wangu, ila wanunuzi wengi watawatambua. Wote wanapatana, isipokuwa wa makala na wa makayabu, ambao hawasalimiani tangu zamu moja ilipocheleweshwa. Daftari la michango likitoka kwa mmoja kwenda kwa mwenzake, linapelekwa na mtoto. Mama wa unga akijikinga mvua kwenye kibanda cha huyu, yule ananuna hadi jioni.

Sisi tunaochunguza mahusiano kwa hesabu huchora hali hiyo. Kila mtu ni nukta, kila uhusiano ni mstari: wa kupatana una alama ya kujumlisha, wa ugomvi una alama ya kutoa. Kisha tunatazama watu watatu watatu. Pembetatu isiyo na ugomvi, au yenye ugomvi mara mbili, ina msawazo. Yenye mmoja au mitatu haina. Ugomvi mmoja humwacha mtu katikati, akivutwa huku na huku kama mama wa unga. Ukiwa mara mbili, wawili wameungana dhidi ya wa tatu na hakuna anayevutwa. Ndiyo ile ya adui wa adui yangu ni rafiki yangu.

Wazo hili lilitoka kwa mwanasaikolojia Fritz Heider mwaka 1946. Miaka 10 baadaye Dorwin Cartwright na Frank Harary waliliandika kwa lugha ya hesabu za nukta na mistari. Mwaka 1967 James Davis alilegeza sharti moja: watatu wanaochukiana wote wanaweza kudumu hivyo hivyo, kila mtu na njia yake. Mimi namuunga mkono. Sokoni nimeona watatu wa namna hiyo wakizeeka bega kwa bega.

Sasa tupime. Akina mama wanne wanatoa pembetatu nne. Mbili zina msawazo, mbili hazina: nusu kwa nusu, na mtu angedhani likelemba inakufa. Lakini tukiuliza ni mistari mingapi igeuzwe alama ili mtandao wote utulie, jibu ni mmoja tu. Kipimo hiki cha pili ndicho ninachokiamini zaidi, maana kinaonyesha pa kushika.

Ubaya wake ni uzito wa hesabu. Mtandao uliotulia ama una upande mmoja tu wa kupatana, ama pande mbili zinazopatana ndani na kugombana kati yao. Kwa hiyo inabidi kujaribu kuwagawa watu pande mbili kwa kila namna inayowezekana, na watu 20 tu wanaweza kugawanywa kwa namna 524,288. Kwa mitandao mikubwa hata kompyuta inahitaji ujanja. Mfano maarufu ni mdogo: makabila 16 ya nyanda za juu za Papua New Guinea, yaliyoelezwa na Kenneth Read mwaka 1954, yenye mahusiano 58, nusu urafiki na nusu uadui. Mistari ya kugeuza ni saba tu, licha ya uadui wote ule.

Hapo ndipo watu huteleza, wakidhani msawazo ni amani. Gawa akina mama wetu wawili kwa wawili, kila upande ukiununia mwingine. Ugomvi umefika minne, na kila pembetatu ina msawazo. Kipimo kinatoa maksi zote, huku likelemba imeshakuwa mbili.

Halafu kuna ukusanyaji wenyewe. Ukiwauliza mbele ya wenzao, utapata alama za kujumlisha tupu. Uliza kila mmoja peke yake, na usimwandikie ugomvi mtu aliyenyamaza. Huenda hawajuani tu.

Tuseme sasa mama wa sombe naye amekosana na wa makala, na aliyebaki kumsalimu ni wa unga peke yake. Kumpatanisha wa makala na wote wawili ni mistari miwili. Kipimo kitachagua njia fupi, ya mstari mmoja: mama wa unga naye aache kumsalimu.