Bata mzinga aliyegeuka mtoto wa nyumbani: maswali ya wazazi

Tuna bata mzinga dume, wanangu wamemlea tangu kifaranga. Hachinjwi, ana jina, na jioni anaingia sebuleni kama mgeni rasmi. Je, kuna hatari?

Ipo, ila si ya kuwanyang'anya watoto rafiki yao. Kubwa kuliko zote ni salmonela. Vijidudu hivi hukaa kwenye utumbo wa ndege na kutoka na kinyesi, na ndege mwenyewe anaweza kuwa mzima kabisa, ananenepa, anatandaza mkia, huku akivisambaza. Kinyesi hunata miguuni na kwenye manyoya. Mtoto anamkumbatia, halafu anashika andazi kwa mikono ile ile.

Kumpenda si tatizo. Tatizo ni hiyo sebule, yenye mkeka na pengine mtoto anayetambaa. Abaki uani. Viatu vya bandani viishie mlangoni, na chombo chake cha maji kioshewe nje, si mahali mnapooshea sahani.

Mdogo wao ana miaka mitatu. Anaweza kumshika?

Amwangalie tu. Ushauri wa kawaida ni kwamba walio chini ya miaka 5 wasishike ndege wa kufugwa, kwa sababu mikono yao iko mdomoni muda wote na salmonela huwaumiza zaidi. Wakubwa wamshike, lakini wasimbusu, kisha wanawe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20. Mkumbuke pia kwamba dume aliyekomaa anaweza kupita kilo 10, na akipandwa na ujeuri hurukia watu kwa kucha. Mkwaruzo uoshwe mara moja kwa maji na sabuni. Ukiwa na kina, nendeni kituo cha afya mkaulizie chanjo ya pepopunda.

Tutajuaje kwamba mtu ameambukizwa?

Salmonela huleta kuhara, homa na tumbo kusokota, kati ya saa 6 na siku 6 baada ya kuambukizwa. Wengi hupona ndani ya wiki kwa kunywa maji mengi na ORS, kwa hiyo msikimbilie kununua antibiotiki dukani. Lakini mtoto mchanga, mzee, mjamzito au mwenye kinga dhaifu asisubiri nyumbani, wala yeyote anayeharisha damu au aliyeishiwa maji mwilini.

Kuna ugonjwa mwingine ambao husahaulika: sitakosisi. Huu hupatikana kwa kuvuta vumbi la kinyesi kikavu cha ndege, na bata mzinga ni miongoni mwa wanaoubeba. Dalili zake ni homa, kichwa kuuma na kikohozi kikavu. Hapo utapimwa malaria, itakosekana, na daktari hatajua aanzie wapi usipomwambia kwamba unafuga ndege. Mwambie. Dawa ipo na inatibu vizuri. Bandani nyunyizeni maji kabla ya kufagia, na mfagiaji avae barakoa.

Akae na kuku wetu?

Heri hapana. Kuku hubeba histomonasi, ugonjwa unaoletwa na kimelea, bila kuumwa sana, ila bata mzinga akiupata humuua. Kinyesi cha njano kama salfa ni dalili mojawapo. Binadamu haumpati.

Kichwa chake hubadilika rangi, mara chekundu, mara buluu. Anaumwa?

La, ndivyo alivyo. Rangi hufuata hisia zake. Mtilie shaka akizubaa, akikataa kula, akihema kwa shida au akipinda shingo, maana huenda ni kideri (ugonjwa wa Newcastle). Muulizeni afisa mifugo ratiba ya chanjo mapema.

Ndege kadhaa wakifa ghafla, msiwaguse, na ule mtindo wetu wa "tumuwahi kabla hajafa" uachwe kabisa. Homa ya mafua ya ndege, H5N1, ilithibitika kuambukiza watu Hong Kong mwaka 1997, na kuchinja na kunyonyoa ndege mgonjwa ni njia mojawapo ya kuipata. Toeni taarifa kwa afisa mifugo kwanza. Akiruhusu kuzika, mtu mzima avae glavu na achimbe shimo refu. Watoto watataka kumuaga; waacheni, ila wasimame mbali.