Akikosea, nani anafungwa? Leseni ya mwendeshaji wa kinu cha nyuklia

Swali lilitoka safu ya nyuma ya ukumbi mmoja hapa Malindi, kwa mzee aliyefunga kikoi na kuiweka kofia yake juu ya goti kwa sababu ya joto. Nilikuwa nimeongea karibu nusu saa kuhusu urani, mvuke na mitambo ya kupoza, na spika zilikuwa zimeshaanza kukoroma. Nje, muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake kutukumbusha kwamba yupo.

"Mwanangu, umetueleza mashini. Sasa nieleze mtu. Akikosea, nani anafungwa?"

Tangu Uyombo, kule kando ya hori la Mida, ilipotajwa kuwa mahali panapoweza kujengwa kituo cha umeme wa nyuklia, nimeulizwa kuhusu samaki, kasa, mikoko, fidia ya ardhi na saratani. Yote ni maswali ya haki. Lakini hili la mzee huulizwa mara chache, na mimi naliona kuwa ndilo linalopaswa kutangulia.

Niliweke wazi jambo moja kwanza. Kenya haina kinu cha nyuklia hata kimoja, kwa hiyo hakuna Mkenya anayekaa leo mbele ya vidhibiti vyake hapa nchini. Tulicho nacho ni Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka 2019, iliyounda mamlaka ya kutoa leseni, kukagua, kusimamisha na kufuta. Mamlaka hiyo ndiyo inayozisimamia hata mashini za eksirei hospitalini. Kwa habari za vinu vyenyewe inabidi tupige hodi kwa wenzetu, na nitabisha zaidi Marekani, kwa sababu kanuni zao zimeandikwa kwa undani na ziko wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma. (Na tusichanganyikiwe na jina: hapa Pwani kinu ni cha kutwangia. Hiki hakina mchi, ila nacho hakitaki mtu wa kuangalia pembeni.)

Leseni ni mbili. Ya kwanza ni ya kampuni yenye kituo. Mkataba wa Usalama wa Nyuklia wa mwaka 1994 unasema jukumu la kwanza la usalama ni la mwenye leseni hiyo, wala si la serikali iliyompa wala la fundi aliyejenga. Ya pili hutolewa kwa jina la mtu binafsi, yule anayekaa kwenye chumba cha udhibiti usiku na mchana. Wengi hawajui kwamba leseni hii ipo.

Nchini Marekani leseni ya mtu hudumu miaka 6. Kabla ya kuipata anafanya mtihani wa maandishi, kisha anatahiniwa kwa vitendo, pamoja na kuwekwa kwenye chumba cha mazoezi kilichotengenezwa nakala ya chumba halisi, watahini wakimzushia hitilafu moja baada ya nyingine. Akishaipata hajamaliza. Kila mwaka anapimwa tena kwa vitendo, na kila baada ya miaka 2 anakwenda kwa daktari. Kila robo ya mwaka ni lazima ashike angalau zamu 7 za saa 8, au 5 za saa 12. Akipungukiwa, hata kama alikuwa bosi ofisini, harudi kwenye vidhibiti mpaka amalize saa 40 chini ya uangalizi wa mwenzake.

Tena leseni hiyo ni ya kituo kilichotajwa ndani yake tu. Haimruhusu kwenda kukamata kinu kingine, hata kama cha kwao kimezimwa. Wavuvi hawakuhitaji maelezo hapo. Nahodha anayeijua mikondo ya Lamu hawi nahodha wa Ngomeni kwa sababu tu bahari ni moja.

Yapo na masharti ya mwili. Pombe haigusi kwa saa 5 kabla ya zamu aliyopangiwa, wala ndani ya eneo lenye ulinzi. Hafanyi kazi zaidi ya saa 16 katika saa 24, wala zaidi ya 72 katika siku 7. Akitiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai, hata kama halihusiani kabisa na kazi, mdhibiti, yaani mamlaka inayotoa leseni, aarifiwe ndani ya siku 30. Akipata ugonjwa wa kudumu unaoweza kumzuia kufanya kazi yake, muda ni huo huo. Kijana mmoja ukumbini alicheka: "Kumbe afadhali kuendesha matatu!" Watu wakacheka naye, nami pia.

Kinu kikiwa kinafanya kazi, mwenye leseni hatoki mbele ya vidhibiti, na mwendeshaji mwandamizi, ambaye leseni yake ya mtu ni ya ngazi ya juu zaidi, huwa ndani ya chumba hicho wakati wote. Manahodha wengi chombo huenda mrama, kwa hiyo amri ya zamu ni ya mmoja. Asiye na leseni hagusi, isipokuwa mwanafunzi anayeongozwa papo hapo na mwenye leseni. Mkurugenzi wa kampuni anaweza kuwa na gari kubwa kuliko wote pale nje, na bado swichi ile si yake.

Sasa adhabu. Kwa kampuni, sheria ya Marekani inaruhusu faini ya zaidi ya dola 300,000 kwa kila kosa, kwa kila siku kosa linapoendelea. Kwa mtu, leseni inaweza kubadilishwa masharti, kusimamishwa au kufutwa. Akivunja sheria kwa makusudi, kuna kifungo cha hadi miaka 2, nacho hupanda hadi miaka 20 ikithibitika alikusudia kuidhuru nchi. Hayo ni ya kwenye karatasi. Yaliyotokea kweli yanafundisha zaidi.

Tarehe 31 Machi 1987, kituo cha Peach Bottom huko Pennsylvania kiliamriwa kuzimwa. Hakikuvuja chochote. Kilichogunduliwa ni kwamba waendeshaji walikuwa wakilala kwenye zamu. Mwaka uliofuata kampuni ikapigwa faini ya dola milioni 1.25, na waendeshaji wenyewe wakatozwa kutoka mifukoni mwao. Hakuna aliyeumia, na adhabu ilikuja vilevile. Mimi naona ilikuwa sawa: askari wa getini akilala hatungoji mwizi aingie ndipo tumuulize.

Lakini linganisha na kituo cha Three Mile Island, jimbo hilo hilo, tarehe 28 Machi 1979. Vali ilikwama ikiwa wazi, maji ya kupoza yakawa yanatoka. Taa kwenye paneli ikawaonyesha waendeshaji kwamba vali imeamriwa kufunga. Haikuwaonyesha kama imefunga kweli. Nao, wakidhani maji yamezidi, wakapunguza yale yaliyokuwa yakiingizwa kwa dharura, na sehemu kubwa ya kiini cha kinu, palipo na fueli yake, ikayeyuka. Ni kosa kubwa, lakini la watu walioamini taa yao. Hakuna aliyefungwa kwa hilo. Kesi ya jinai iliyoipata kampuni ile mwaka 1984 ilihusu jambo jingine kabisa: vipimo vya uvujaji vilivyofanywa kabla ya ajali, na kuandikwa kwa udanganyifu.

Mfano ninaoupenda zaidi, kama mtu anaweza kupenda kitu kama hiki, ni kituo cha Davis-Besse, jimbo la Ohio. Maji ya kinu yale yana asidi ya boroni. Yalivuja kidogo kidogo kupitia nyufa kwenye kifuniko cha kinu, asidi ikawa inakula chuma. Mdhibiti alitaka vituo vya aina hiyo vikaguliwe kabla ya mwaka 2001 kwisha. Kampuni ikaandika kwamba ukaguzi wa nyuma ulitosha, ikaruhusiwa kuendelea hadi Februari 2002. Walipofungua, wakakuta shimo. Chuma chenye unene wa karibu sentimita 16 kilikuwa kimeliwa chote, ukabaki utando wa ndani wa chuma kisichoshika kutu, wa kama sentimita 1, ukizuia peke yake shinikizo la kinu kizima. Nilipowaonyesha watu unene huo kwa vidole viwili, ukumbi ulinyamaza.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwaka 2005 kampuni ikatozwa faini ya dola milioni 5.45, mwaka uliofuata ikakubali kulipa milioni 28 ili isishtakiwe, na baadaye wahandisi wawili wakapatikana na hatia ya kumpa mdhibiti taarifa za uongo.

Kwa hiyo, mzee wangu, nilimjibu, mara nyingi anayeshtakiwa si aliyekosea, ni aliyeficha. Nikamwongezea Chernobyl, kule Ukraine, ambako kinu kililipuka mwaka 1986, ili nisionekane nachagua mifano mizuri. Mwaka 1987 mkurugenzi wa kituo, mhandisi mkuu na naibu wake walihukumiwa miaka 10 kila mmoja. Miaka 5 baadaye, ripoti ya wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki ikaeleza kwamba kinu chenyewe kilikuwa na kasoro kubwa za usanifu, ambazo waendeshaji hawakuwa wameelezwa ipasavyo. Waliofungwa wana lao la kujibu. Waliojua kasoro na kukaa kimya, je?

Hapo ndipo mwananchi wa Malindi anapoingia. Ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Ukiitwa kwenye kikao cha kutoa maoni, usiulize tu kama kinu ni salama, maana jibu la hapo unalijua kabla hujakaa. Uliza mwendeshaji akisema "nazima" na mkurugenzi akisema "subiri", sheria iko upande wa nani. Uliza mfanyakazi akiripoti ufa analindwa vipi asifukuzwe kazi. Uliza ripoti za ukaguzi utazisomea wapi, na kwa lugha gani.

Mzee alikuwa hajakaa. "Na ikiwa sheria yenyewe ndiyo itakayotuua? Maana sisi tukizidiwa na mawimbi hutosa shehena, hata kama ni ya mwenyewe."

Jibu la hilo lipo, nikamwambia. Kanuni za Marekani zinaruhusu kukiuka masharti ya leseni kukiwa na dharura, ikiwa ndiyo njia pekee inayoonekana ya kuwalinda watu pale pale. Idhini hutolewa na mwenye leseni ya juu, hata kama ni saa 9 usiku na hakuna mkubwa mwingine kazini.

"Akishatosa, mwenye mali huambiwa lini?"

"Mdhibiti anapigiwa simu ndani ya saa 1."

Akatikisa kichwa taratibu, akaivaa kofia yake. "Sisi tulikuwa tukingoja mpaka tufike bandarini," akasema, akatoka nje kutafuta kahawa.