Vipande vya salmoni kwenye eafraya: dakika, joto na sosi

Salmoni aliyekatwa vipande vya tonge moja moja na kutiwa kwenye eafraya, yaani kile kikaangio cha hewa, ni mlo wa robo saa. Wepesi huo ndio unaoleta maswali. Kipande kidogo huiva upesi na hukauka upesi vilevile, na kwa kuwa sosi inakishika kila upande, chumvi nayo inapata njia nyingi za kuingia. Haya ndiyo maswali yanayojirudia sana, na majibu yake. Nyuzijoto zote ni za Selsiasi.

Je, eafraya inamfanya samaki awe bora zaidi kwa afya?

Haimwongezei kitu. Eafraya ni oveni ndogo yenye feni kali: koili iliyo juu inapasha hewa, feni inaisukuma kuzunguka chakula, unyevu wa juu unakauka na ngozi ya nje inapata rangi. Philips walipoanza kuiuza mwaka 2010, sifa kubwa waliyoinadi ilikuwa kupunguza mafuta. Kwa viazi vya kukaanga sifa hiyo ina uzito. Kwa salmoni haina uzito sana, maana huyu samaki amekuja na mafuta yake: gramu 100 za mnofu mbichi wa salmoni wa kufugwa zina mafuta gramu 13 hivi na kalori 200 na kidogo.

Faida yake iko kwingine. Ukimtumbukiza samaki kwenye karai la mafuta, mafuta ya karai yanaingia ndani na sehemu ya mafuta yake inatoka. Kwenye eafraya, kijiko kimoja cha chai cha mafuta kinatosha nusu kilo ya vipande. Kwa hiyo eafraya inalishinda karai. Oveni ya kawaida haishindi, wala kupika kwa mvuke.

Hayo mafuta yake yana nini cha pekee?

Yana omega-3 za aina mbili, EPA na DHA, ambazo mwili hutengeneza kwa kiasi kidogo mno kutokana na mafuta ya mimea. DHA ni sehemu ya ubongo na ya retina ya jicho. Humo humo kuna vitamini D na B12, pamoja na madini ya seleniamu. Ndiyo maana ushauri wa lishe wa nchi nyingi unasema samaki mara mbili kwa wiki, na angalau mara moja awe mwenye mafuta.

Rangi yake ya waridi inatokana na kitu kinachoitwa astaxanthini, ambacho salmoni hukipata katika chakula chake. Wa kufugwa hutiliwa kwenye chakula. Rangi kali, basi, si ushahidi kwamba samaki ni mbichi na mzuri. Pua yako inakuambia mengi zaidi.

Nikate vipande vya ukubwa gani, na nipike kwa dakika ngapi?

Sentimita 3 kila upande ni kipimo kizuri. Chini ya 2, ganda linapopata rangi ndani kumeshakuwa kama pamba. Kata vyote viwe karibu sawa. Ile ncha nyembamba ya mkiani, ikunje iwe mikunjo miwili au itie kikapuni dakika mbili baadaye, la sivyo utapata mlo wenye aina mbili za samaki: laini na mkavu.

Kabla ya kukata, pitisha kidole juu ya mnofu kutoka upande wa kichwa kuelekea katikati. Utakutana na mstari wa vijiti vigumu chini ya ncha ya kidole. Hiyo ni miiba. Ivute kwa kibano kwa kufuata ulalo wake. Ukiivuta wima inapasua nyama. Usimwoshe samaki chini ya bomba, kwa sababu maji yanarusha vijidudu kwenye sinki na vyombo vya karibu. Mkaushe kwa karatasi ya jikoni, tena umkaushe kwelikweli. Uso wenye maji unachemka kwa mvuke kwanza, na dakika unazozipoteza hapo ndizo zinazokausha nyama ya ndani.

Paka mafuta kidogo na viungo, washa eafraya nyuzi 200 ipate moto dakika tatu, kisha panga vipande visigusane. Vikibanana, hewa haipiti na unakuwa umenunua feni bure. Vipande vya sentimita 3 vilivyotoka kwenye friji huchukua dakika 6 hadi 8. Anza kupima dakika ya tano. Mashine hutofautiana: namba iliyoandikwa kwenye kioo chake na joto lililo kikapuni si lazima vilingane. Salmoni asiyefugwa ana mafuta machache, kwa hiyo mtoe mapema kidogo.

Nitajuaje ameiva?

Kipimajoto cha chakula, chenye ncha nyembamba, kichomekwe katikati ya kipande kikubwa kuliko vyote. Nyuzi 63 ndicho kiwango cha usalama kinachotumiwa na mamlaka za chakula za Marekani kwa samaki. Utasikia wapishi wakisifu nyuzi 52 au 55, na ni kweli hapo nyama ni laini ajabu. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuamua hivyo akijua anachokifanya. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee na mtu mwenye kinga dhaifu wasiingizwe kwenye majaribio hayo.

Huna kipimajoto? Chomeka ncha ya kisu katikati ya kipande na uizungushe kidogo. Nyama mbichi inang'aa ndani kama jeli na inashikamana. Iliyoiva imepauka, haipitishi mwanga, na inanyambuka yenyewe tabaka kwa tabaka.

Kuna kitu cheupe kinatoka pembeni, kama povu lililoganda. Ni mafuta? Ni minyoo?

Si mafuta wala si minyoo. Ni protini ya samaki mwenyewe, wapishi huiita albumini. Misuli ikipata joto inajikaza na kuikamua nje, na ikifika juu inaganda. Haina madhara, unaweza kuila au kuifuta. Ila isome kama ujumbe: ikitoka nyingi, joto limezidi au dakika zimezidi. Kuloweka vipande dakika kumi kwenye maji baridi yenye chumvi kidogo kabla ya kuvikausha huipunguza, lakini ukifanya hivyo usitie chumvi nyingine kwenye viungo.

Na minyoo yenyewe?

Salmoni, hasa asiyefugwa, anaweza kuwa na mnyoo aitwaye anisakisi. Nyuzi 63 zinamuua. Kugandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 pia kunamuua, ila friza nyingi za nyumbani haziwi baridi kiasi hicho wakati wote. Tena kugandisha hakuui bakteria, kunawalaza tu.

Naweza kumtoa kwenye friza na kumtia moja kwa moja?

Kipande kizima kinaweza. Vipande vidogo huwa vimegandiana kama tofali, na hadi katikati ilainike, vya pembeni vimekauka. Myeyushe ndani ya friji usiku kucha. Kama yuko kwenye mfuko uliofyonzwa hewa, utoboe au uufungue kabla hajaanza kuyeyuka. Sababu yake ni kwamba bakteria wa botulinamu, wanaotoa sumu kali na wanaopatikana kwa samaki, hupenda mahali pasipo oksijeni, na baadhi yao huweza kukua hata kwenye baridi ya friji. Hatua hii imeandikwa kwenye vifungashio vingi na karibu hakuna anayeisoma.

Usimwache ayeyuke juu ya meza. Kati ya nyuzi 4 na 60 vijidudu huzaliana kwa kasi. Muda wa mwisho wa samaki kukaa nje ni saa mbili, au saa moja pakiwa na joto la zaidi ya nyuzi 32.

Sosi ya asali na soya ina ubaya gani? Si vitu vya asili?

Hapa ndipo mlo huu unapoharibikia, kuliko kwenye mashine. Kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya ya kawaida kina miligramu 900 hivi za sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe miligramu 2000 kwa siku nzima, sawa na gramu 5 za chumvi. Sasa chukua mapishi ya kawaida ya watu wawili yenye vijiko vinne vya soya. Bakuli zima lina sodiamu miligramu 3600. Hata kama nusu itabaki kwenye bakuli na kikapu, kila mmoja amekula 900 kabla hajagusa kitu kingine mezani. Kipande kizima kingepakwa juu tu. Vipande vya tonge vimeoga.

Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa figo asiulize kama eafraya ni salama kwake. Aulize kijiko kilichoingia bakulini. Soya yenye chumvi pungufu inasaidia kiasi, lakini bado ina chumvi nyingi. Kinachosaidia zaidi ni kubadili kinacholeta ladha: kitunguu saumu, tangawizi, paprika, pilipili manga, maganda ya limau yaliyokunwa, na maji ya limau yanayokamuliwa samaki akiwa ameshatoka. Ukali wa limau huudanganya ulimi usiitafute chumvi. Kijiko kimoja cha soya kwa nusu kilo, kikichanganywa na hivyo vyote, kinatosha kabisa.

Asali ina shida nyingine: kwenye nyuzi 200 inaungua kabla samaki hajaiva. Ipake dakika mbili za mwisho. Na ile sosi iliyolowekewa samaki mbichi usiimwagie juu ya samaki aliyeiva. Ichemshe hadi itokote vizuri, au imwage.

Mtoto wangu ana miezi minane. Naweza kumpa?

Samaki ndiyo, asali hapana. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi asali hata ikiwa imepikwa, kwa sababu mbegu za bakteria wa botulinamu zinaweza kuwamo na moto wa jikoni hauziui. Chumvi nayo weka kando. Mpikie vipande vyake peke yake, bila sosi, vifike nyuzi 63, kisha vinyambue kwa vidole vyako mwenyewe ukitafuta miiba. Kipande kizima cha tonge la mtu mzima kinaweza kumkaba. Mara ya kwanza mpe kidogo, mchana, siku ambayo hukumwanzishia chakula kingine kipya.

Kwa mwenye mzio wa samaki, joto halimwokoi: protini inayoleta mzio inastahimili kupikwa. Hata mvuke unaotoka kwenye eafraya huwasumbua baadhi yao. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, hiyo ni dharura, nendeni hospitali mara moja.

Nina mimba, nimeambiwa niogope zebaki.

Ogopa samaki wakubwa wanaowinda wengine, kama papa na nduaro. Salmoni yuko kwenye kundi lenye zebaki kidogo, na mamlaka za Marekani zinashauri wajawazito wale kati ya gramu 227 na 340 kwa wiki za samaki wa kundi hilo. Masharti ni aive kabisa. Salmoni wa moshi wa baridi, yule wa vipande vyembamba anayeliwa bila kupikwa, mwache hadi ujifungue, kwa sababu ya bakteria wa listeria.

Nina jongo.

Salmoni ana purini, ambayo mwilini hugeuka asidi ya yuriki inayochochea jongo, ingawa si kama dagaa. Wakati wa maumivu makali mwache. Nje ya hapo, kiasi mpange na daktari wako.

Ule mpako mweusi wa kikapu hauna sumu?

Mingi ni PTFE, ile plastiki isiyogandisha chakula inayojulikana kama Teflon, ambayo huanza kuharibika na kutoa mafusho ikipita nyuzi 260 hivi. Kupika kwa nyuzi 200 hakufiki huko. Usiukwangue kwa uma, na usitumie mafuta ya kupuliza ya kopo, yanaacha utando unaonata usiotoka kirahisi. Ukianza kubanduka, badilisha kikapu.

Wengi huweka karatasi ya kuokea ili kukwepa kusugua. Sawa, ila itandike pamoja na samaki. Mimi niliwahi kuwasha mashine ipate moto, karatasi ikiwa peke yake kikapuni. Haikupita nusu dakika nikasikia kitu kinapiga piga juu, kisha moshi. Feni ilikuwa imeinyanyua hadi kwenye koili, na pembe moja ilishakuwa nyeusi.

Kiporo kinakaa siku ngapi?

Siku tatu, nne kwa kukaza sana, ndani ya friji kwenye chombo chenye kifuniko. Mbichi hukaa siku moja au mbili tu. Kukipasha, eafraya nyuzi 160 kwa dakika tatu hivi, hadi katikati pawe pa moto kabisa. Maikrowevu inapasha pia, lakini jikoni patanuka samaki hadi kesho, na vipande vitakakamaa. Kama kilihifadhiwa vizuri tangu kilipopikwa, unaweza kukila kikiwa baridi hivyo hivyo, umekinyambua juu ya saladi.