Asilimia mia haikupi nyumba: dhana potofu kuhusu ruzuku za makazi kwa maveterani wenye ulemavu Marekani

Waafrika Mashariki wengi wamevaa magwanda ya jeshi la Marekani. Baadhi waliingia wakiwa na grini kadi tu. Wengine walipitia MAVNI, mpango uliochukua wageni wenye lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwemo, hadi usajili mpya uliposimamishwa mwaka 2016. Wapo waliotoka salama, na wapo waliotoka kwenye kiti cha magurudumu. Kwa hao wa pili, ushauri hauishi, iwe ni kanisani, kwenye harambee au kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mwingi ni wa nia njema, na mwingi si wa kweli.

"Nina asilimia mia, kwa hiyo VA watanijengea"

Hii ndiyo inayovunja mioyo kuliko zote. Asilimia ya ulemavu ambayo VA, yaani Idara ya Masuala ya Maveterani, inampa mtu huamua hasa malipo yake ya kila mwezi. Ruzuku kubwa ya nyumba, inayojulikana kama SAH, ina swali lake: mwili umepoteza nini, na je, upotevu huo umetokana na utumishi jeshini?

Orodha yake ni fupi. Wanaofuzu ni waliopoteza kiungo zaidi ya kimoja, au matumizi ya viungo hivyo. Waliopoteza mguu mmoja na wana pia athari za kudumu za ugonjwa mwingine unaowazuia kutembea. Vipofu wa macho yote mawili, wenye uoni wa 20/200 au chini ya hapo (yaani wanaona kwa futi 20 kile ambacho mwenye macho mazima hukiona kwa futi 200). Na wenye aina fulani za majeraha makubwa ya moto. Kuna pia ruzuku ndogo, SHA, kwa waliopoteza mikono yote miwili au matumizi yake, walioungua vibaya kwa viwango vilivyowekwa, na wenye majeraha fulani ya njia ya hewa.

Sasa mchukue mtu mwenye asilimia mia kwa sababu ya msongo wa vita, kisukari na maumivu ya mgongo. Ni mgonjwa kweli, na malipo yake ni halali yake, lakini kwa hayo pekee SAH haimgusi. Jirani yake mwenye asilimia ndogo kuliko yake anaweza kufuzu kwa sababu ya mguu mmoja.

Huyo wa mguu mmoja, asiye na ugonjwa mwingine, anaongezwa kwenye orodha ile, naye ana masharti yake. Awe ameupoteza mguu, au matumizi yake, kutokana na utumishi wa tarehe 11 Septemba 2001 au baada yake, na asiweze kusimama wima au kutembea bila gongo, mkongojo, vyuma vya miguu au kiti cha magurudumu. Zaidi ya hapo, kundi hili lina nafasi 120 tu kwa mwaka mzima wa fedha, nchi nzima. Mwaka wa fedha wa Marekani huanza tarehe 1 Oktoba, kwa hiyo anayeahirisha kupeleka fomu hadi "baada ya Krismasi" anacheza na nafasi yake.

"Mguu wangu haujakatwa, basi sina kesi"

Hapa watu wanajinyima wenyewe. Sheria inazungumzia kupoteza kiungo *au* kupoteza matumizi yake. Kipimo cha VA kwa mkono au mguu ni hiki: je, kazi iliyobaki kwenye kiungo hicho inazidi ile ambayo kigutu chenye kiungo bandia kinachofaa kingeifanya? Kama haizidi, VA inahesabu kwamba matumizi yamepotea, hata kama mguu uko pale pale na umevaa kiatu.

Ndiyo maana ripoti ya daktari ina uzito mkubwa. Ikiandika tu kwamba mgonjwa "anatembea kwa shida", haijamsaidia. Inapaswa kueleza kama anaweza kusimama wima bila kushikilia kitu, kama mguu unamsukuma mbele anapotembea, na kama anatumia kifaa muda wote au mara mojamoja. Mwambie daktari ukweli wa siku mbaya. Sisi tumelelewa kujibu "sijambo" hata tukiwa hoi, na mbele ya daktari wa VA heshima hiyo inagharimu.

Ugonjwa wa ALS, unaoua neva zinazoendesha misuli, una njia yake. Tangu Desemba 2013, veterani ambaye ALS yake imekubaliwa kuwa inatokana na utumishi hufuzu kwa SAH bila kusubiri viungo vife kimoja kimoja.

"Ni ya walioumia vitani"

Hapana. Gari la kambi lililopinduka Texas linahesabika sawa na bomu la kutegwa barabarani Afghanistan. Wala si lazima uwe raia: haki hii inafuata utumishi na namna ulivyoachishwa, na mlango hufungwa kwa aliyefukuzwa kwa aibu. Anayesubiri kuachishwa kwa sababu za kiafya anaweza kuomba akiwa bado ndani ya jeshi.

"Wataweka hela kwenye akaunti yangu, nitamwita binamu apige kazi"

Kwa mwaka wa fedha 2025, kikomo cha SAH kilikuwa dola 121,812 na cha SHA dola 24,405. Ni ruzuku, si mkopo. Hairudishwi, haipunguzi malipo yako ya kila mwezi, na haitozwi kodi ya mapato. Ilipoanzishwa mwaka 1948 kikomo kilikuwa dola 10,000, na serikali ililipa nusu tu ya gharama. Siku hizi kiwango hurekebishwa kila mwaka kufuata gharama za ujenzi.

Lakini hizo ni fedha za kazi iliyoidhinishwa. VA humteua wakala wa SAH anayefika nyumbani, kupitia michoro na kuangalia kama nyumba itakidhi masharti: bafu ambalo kiti cha magurudumu kinaingia bila kizingiti, milango na korido zinazopitika, njia za kuingilia na kutokea. Wakati wa ujenzi, fedha kwa kawaida hukaa kwenye akaunti ya amana na mkandarasi hulipwa kadiri kazi inavyokaguliwa na kupita. Binamu anaweza kuwa mkandarasi, mradi awe na leseni, bima, na subira ya kukaguliwa.

Kosa la gharama kubwa kuliko yote ni kubomoa bafu kabla ya barua ya idhini. Najua inauma kumwona mzee akibebwa mgongoni kuingia bafuni huku karatasi zikizunguka ofisini. Hata hivyo, subiri. Kwa mgonjwa mahututi, omba ombi lishughulikiwe kwanza. Sheria ya mwaka 2020 inaitaka VA kuwapa wagonjwa wa namna hiyo kipaumbele.

Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyoua dhana nyingine ya zamani, kwamba ukiitumia ruzuku umemaliza. Awali mwisho ulikuwa mara tatu, sasa ni mara sita maishani, ilimradi hujafikia kikomo. Kwa hiyo aliyejengewa rampu tu miaka ya nyuma ana sababu ya kuuliza amebakiwa na nini.

"Sina nyumba, basi hainihusu"

Familia zetu zinahitaji kulisikia hili vizuri, kwa sababu kijana akiumia hurudi kwa mama, na hati ni ya mama.

SAH ndiyo inayotaka nyumba iwe yako, au iwe utakayoinunua au kuijenga. Ikiwa tayari una nyumba iliyorekebishwa, inaweza hata kupunguza deni la mkopo wake. SHA inakubali nyumba ya mwanafamilia. Na kwa anayefuzu mojawapo lakini anaishi kwa muda kwa ndugu, kuna TRA (Watanzania wasishtuke, si ile ya kodi), ambayo mwaka wa fedha 2025 iliruhusu hadi dola 49,062 kwa wenye sifa za SAH na dola 8,760 kwa wenye sifa za SHA.

Kisha kuna HISA, ruzuku ya kurekebisha nyumba kwa sababu za kiafya, inayosahaulika kwa sababu inatoka upande wa hospitali za VA. Daktari ndiye anayeiandikia, kama anavyoandikia dawa. Kwa ulemavu uliotokana na utumishi kikomo chake cha maisha ni dola 6,800. Kwa ulemavu usiotokana na utumishi, kwa veterani anayetibiwa VA ambaye ulemavu wake wa utumishi haufiki asilimia 50, ni dola 2,000. Yaani hata yule wa kisukari na mgongo tuliyemwacha juu anaweza kupata bafu linaloingilika. Mpangaji naye anaruhusiwa, akileta kibali cha maandishi cha mwenye nyumba. Jakuzi hailipiwi, wala rampu ya kubebeka. Na anayepata SAH au SHA hazuiwi kuomba HISA pia.

"Nikirudi Nakuru imeisha hiyo"

Si lazima. Sheria inaipa VA hiari ya kusaidia nyumba iliyo nje ya Marekani, ikiwa sheria za nchi husika zinamruhusu veterani kuwa na haki katika nyumba hiyo, na kweli anayo au ataipata. Uzito uko kwenye hayo maneno ya mwisho. Shamba la babu ambalo halijagawanywa ni lako kwa moyo, si kwa karatasi. Kenya, Katiba ya 2010 inamruhusu Mkenya kuwa na uraia pacha, lakini aliyeupoteza uraia wake zamani na hajaurudisha huhesabiwa mgeni, na mgeni hupata ardhi kwa mkataba wa kukodi usiozidi miaka 99. Kwa Mtanzania aliyekula kiapo cha Marekani ni pagumu zaidi, kwa kuwa uraia pacha kwa watu wazima haujaruhusiwa. Anza na wakili wa ardhi, kisha mchoraji.

"Kuna jamaa anakujazia fomu kwa asilimia kumi"

Fomu ya SAH na SHA ni namba 26-4555. Ya HISA ni 10-0103. Zote ni bure. Vyama vya maveterani kama DAV (Disabled American Veterans) na Paralyzed Veterans of America vina watu walioidhinishwa na VA wanaosaidia bila malipo, na huhitaji kuwa mwanachama ili wakupokee. Sheria ya shirikisho hairuhusu kutozwa ada kwa kuandaliwa dai la kwanza la mafao. Jamaa wa asilimia kumi mwombe akuonyeshe kibali chake cha VA, kisha mkatafute jina lake pamoja kwenye orodha ambayo VA imeiweka wazi mtandaoni.