Waneandertali: dhana potofu na ukweli uliomo ardhini

Waneandertali ni watu wa kale, ndugu wa karibu wa binadamu wa leo, walioishi Ulaya na Asia kisha wakatoweka.

Dhana: Walitembea wamejikunja kama nyani.

Taswira hii ilitoka kwa mzee mmoja tu, ambaye mifupa yake ilifukuliwa mwaka 1908 huko La Chapelle-aux-Saints, Ufaransa. Mtaalamu wa visukuku Marcellin Boule alimweleza kuwa mtu wa magoti yaliyopinda na shingo iliyotokeza mbele. Mwaka 1957 wanaanatomia William Straus na A. J. E. Cave waliipitia upya mifupa ileile, wakaonyesha kwamba mzee huyo aliugua baridi yabisi ya uti wa mgongo. Mneandertali mwenye afya alisimama wima, na ubongo wake ulilingana na wetu kwa ukubwa.

Dhana: Zana zao ni mawe yaliyogongwa ovyo.

Anayesema hivi hajajaribu mbinu yao ya kuchonga mawe iitwayo Levallois. Fundi huchukua bonge la gumegume na kulichonga kingo pande zote. Kisha, akigonga kwenye kingo hizo, hubandua vibanzi vya uso wa juu mpaka ubinuke kidogo kama gamba la kobe. Hutengeneza ncha moja kwa vipigo vidogo ili nyundo ya jiwe ipate pa kutua, halafu hupiga pigo moja. Kibanzi hutoka na umbo lililokusudiwa tangu mwanzo, kikiwa na makali karibu pande zote. Uso ukiwa bapa mno, nguvu ya pigo huishia njiani na kibanzi hukatika kifupi. Pigo likiingia ndani mno, kibanzi huondoka na ukingo wa mbele, na bonge zima huharibika.

Tena walijua kugandisha jiwe kwenye mpini kwa lami iliyotokana na gome la mti wa betula. Gome hilo huchomwa kwa hewa kidogo: hewa ikizidi linateketea, na moto ukizidi lami inaungua. Mawe yenye lami hiyo yamepatikana Campitello, Italia, na yana umri wa miaka ipatayo 200,000.

Dhana: Kaboni-14 hutoa umri wa mfupa wowote wa kale.

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Kaboni-14 ni aina ya kaboni iliyomo katika kila kiumbe hai; kiumbe akifa, hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Ikifika miaka 50,000, zimebaki kama sehemu 2 tu kwa kila 1,000. Basi mfupa wa miaka 100,000 ukiingiwa na kaboni ya siku hizi kwa asilimia 1, kutoka kwenye udongo au gundi ya makumbusho, utasomeka kama una miaka 37,000 hivi. Dawa yake ni usafi wa maabara. Unga wa mfupa hutiwa asidi ili madini yayeyuke, kolajeni (protini ya mfupa) iliyobaki hupashwa moto majini, kisha huchujwa. Njia kali zaidi ni kutenga haidroksiprolini, asidi-amino ambayo katika mfupa hutoka karibu yote kwenye kolajeni. Mifupa ya pango la Vindija, Kroatia, iliwahi kupewa miaka 28,000 hadi 29,000. Ilipopimwa kwa njia hiyo mwaka 2017, ilizidi miaka 40,000. Kwa hiyo ukisoma kwamba Waneandertali waliishi Ulaya hadi juzijuzi, uliza kwanza sampuli ilisafishwaje.

Palipo pakongwe zaidi, kaboni-14 haifai kabisa. Katika pango la Bruniquel, Ufaransa, duara za vipande vya stalagmiti (nguzo za chokaa zinazoota sakafuni mwa pango) vilivyovunjwa na kupangwa, zaidi ya mita 300 kutoka mlangoni, zilipimwa kwa urani, ambayo taratibu hugeuka kuwa thori: miaka 176,500.

Dhana: Waafrika hawana damu yao hata chembe.

Hakuna mfupa wa Mneandertali uliopatikana Afrika. Mtoto aliyezikwa Panga ya Saidi, Kilifi, miaka 78,000 iliyopita ni Homo sapiens, yaani binadamu kama sisi. Hata hivyo, utafiti wa mwaka 2020 uliwakuta Waafrika wakiwa na wastani wa asilimia 0.3 hivi ya jenomu (jumla ya vinasaba vya mtu) iliyotoka kwa Waneandertali. Sehemu kubwa ililetwa na watu waliorudi Afrika kutoka Ulaya na Asia baada ya kuchanganyika nao huko. Nje ya Afrika kiwango ni kama asilimia 2.