Moki imetengenezwa na tuli, haimaanishi inafanana na kitu halisi

Moki ni kitu bandia unachokiweka mahali pa kitu halisi unapotesti msimbo, na tuli ni programu inayokutengenezea hiyo moki. Juzi nimeitwa kukagua msimbo wa timu moja, na sentensi ya kwanza niliyoambiwa ni ileile ninayoambiwa kila mahali: "kaka, moki zetu hatuziandiki kwa mkono, zinajitengeneza zenyewe, kwa hiyo haziwezi kutofautiana na kitu halisi." Zinaweza, tena kwa mbali sana.

Tuli inasoma umbo tu. mockgen ya Go inasoma intafesi (orodha ya fanksheni ambazo kitu lazima kiwe nazo), Mockito ya Java inasoma klasi, zinajua majina ya fanksheni, vigezo vyake na aina ya jibu basi, kitu hicho kikiitwa kitajibu nini hazijui. Mockito usipoiambia chochote inarudisha null, 0 au listi tupu. MagicMock ya Python ndo inanitisha zaidi maana inakubali kila kitu, ukiita fanksheni isiyokuwepo inakupa moki nyingine, na hiyo moki ukiiweka kwenye if inahesabika True, ukiipitisha kwenye int() inatoa 1! Yaani `if malipo.thibitisha(oda):` inapita hata kama thibitisha ilishafutwa mwezi uliopita.

Sasa hao jamaa walikuwa wanapokea malipo ya simu. Msimbo wao ulikuwa unauliza `if jibu["ResponseCode"] == 0`, na kwenye testi mtu kaiambia moki irudishe 0, namba. Seva ya kweli inarudisha "0", neno, lenye alama za kunukuu. Testi zote kijani, wakapandisha programu hewani, mteja anapata ujumbe kwenye simu, anaweka PIN, hela inakatwa, huku oda yake imeandikwa imefeli. Mama wa watu kalipia mzigo na dukani anaambiwa hajalipa. Kisa alama mbili za kunukuu.

Nawaomba sana, kwenye Python wekeni autospec=True. Fanksheni isiyokuwepo itakataliwa, ukizidisha kigezo itakataliwa. Ila hata hiyo isingewaokoa hawa, kwa sababu autospec nayo haijui kilichomo ndani ya jibu. Dawa ni kuita mazingira ya majaribio ya mtoa huduma mara moja, chukua jibu lenyewe kama lilivyokuja, lihifadhi kwenye faili la JSON na stabu, yaani kitu bandia cha kutoa jibu tu, irudishe hilo hilo, usilitunge kichwani. Halafu kila usiku testi chache ziende zikaite kule kweli, siku wakibadilisha kitu ujue wewe kabla ya mteja.

Mengine ninayoambiwa nayapitia haraka.

"Moki na stabu ni kitu kimoja." Hapana, stabu inatoa jibu, moki inakagua kama imeitwa na imeitwaje. Ukikagua kila mwito, siku unapanga upya msimbo wa ndani testi 40 zinaanguka na programu ni nzima kabisa.

"Kila kitu lazima kimokiwe." Klasi ya kujumlisha bei za kapu haina mtandao, haina databesi, kwa nini uimoki, itumie yenyewe. Moki zikae mpakani: mtandao, saa, barua pepe.

"Nimepatch lakini bado inaita seva, tuli ina bagi." Haina. Kupatch ni kuweka moki mahali pa kitu halisi wakati wa testi. Kama ndani ya oda.py umeandika `from malipo import tuma`, unapatch `oda.tuma`, sio `malipo.tuma`, kwa sababu jina linatafutwa pale linapotumika. Hili peke yake nimelieleza zaidi ya mara ninazoweza kuhesabu.

"Faili la mockgen likileta shida nalirekebisha kwa mkono." Usiliguse, likitengenezwa upya marekebisho yako yote yanafutika. Weka mstari wa go:generate (unaoiambia Go iendeshe mockgen) juu ya intafesi, ukibadilisha intafesi endesha `go generate ./...`, na ukisahau baada ya kuongeza au kubadilisha fanksheni Go yenyewe itagoma kukompaili testi, hapo utakuwa umejua ukiwa bado kwenye meza yako.